Muuguzi Anayewapigia Magoti Mashangazi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na afadhali niseme mwenyewe kabla Nesi Nabbosa hajaanza kuwasimulia, maana akisimulia yeye hutia chumvi, na juu ya chumvi hutia pilipili.

Saa mbili asubuhi, kliniki ya uzazi, Namasuba, kando ya barabara ya Entebbe. Kwenye benchi la ukumbini wamejipanga wanawake na mikoba yao, na katikati yao yupo mwanamume mmoja tu: mwandishi wa makala haya, aliyekuja kutazama kazi ya muuguzi. Mlango unafunguka. Anatoka mwanamke mfupi, kofia ya kijani kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Ssebo," ananiita, yaani bwana, "nyanyuka. Vua viatu."

Ukiamrishwa na nesi wa Kampala, maswali unaweka mfukoni. Navua viatu. Ananivisha joho linalofungwa kwa nyuma, anakisukumia kichwa changu ndani ya kofia, nami najisemea kimoyomoyo kwamba kumbe hapa wanahabari wanaheshimiwa. Ananipeleka mpaka kwenye pazia.

"Haya, ukiingia shika mkono wa mkeo, umwambie neno tamu. Habari za ng'ombe zikae nje."

Kabla sijafumbua kinywa, sauti ya mwanamke inatoka ng'ambo ya pazia. Ameiona miguu yangu chini.

"Nesi, huyo si wangu. Wangu ana miguu mirefu, na amevaa soksi."

Kicheko kinaanzia ndani ya chumba, kinapita pazia, kinatoka ukumbini, kinalifikia benchi. Mume halisi, bwana mmoja mrefu aitwaye Kasumba, anakutwa getini akimalizia rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, huku akiapa kwamba hakusikia akiitwa. Mimi narudishwa benchini nikiwa bado na joho langu, na mama mmoja ananisogezea nafasi. "Pole, mzee. Hata leba wanaume huchanganywa."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Justine Nabbosa, miaka arobaini na saba, muuguzi wa chumba cha kamera.

Kazi yenyewe ukiitaja kwa ufupi ni ndogo. Kabla mwanamke hajapandikiziwa kiinitete, yaani ule mwanzo wa mtoto uliotungwa maabara, daktari anaweza kutaka kwanza kukiona kizazi kwa ndani. Hupitisha kamera isiyozidi unene wa mrija wa soda, kwa njia ile ile anayotokea mtoto. Maji ya chumvi, yaliyopashwa kidogo, hutangulia kupanua nafasi, na picha hutokea kwenye runinga ya ukutani. Hakuna kisu, na wengi hawapewi dawa ya usingizi. Huuma kama hedhi iliyoamka vibaya.

Nabbosa hutandika kitanda, hupanga vifaa, hupasha maji. Kisha huongea. Kuongea ndiyo kazi.

"Mimi nashika kamera, yeye anamshika mtu," anasema Dkt. Lubwama, daktari wa kliniki hiyo. "Wiki aliyokwenda likizo, wanawake waliniuliza kama nimepandisha kipimo cha maumivu."

Nabbosa alizaliwa Kalungu. Uuguzi aliusomea huku akikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, akiviuza mlangoni pa bweni lake mwenyewe. Alikaa wodi ya wazazi miaka mingi kabla ya kuja hapa. Analipwa shilingi milioni moja na laki mbili za Uganda kwa mwezi, na nusu yake, anasema, haijawahi kulala nyumbani kwake. Hutoka benki ikaenda moja kwa moja shuleni kwa mwanawe.

Kabla ya kumpata mwana huyo, naye alilala kwenye kitanda cha aina hiyo, mahali pengine.

"Daktari na msaidizi wake walikuwa wanabishana habari za mpira," anakumbuka. "Fulani kafunga dakika za nyongeza, fulani kaotea. Na mimi nipo hapo, miguu juu kama kuku wa sikukuu. Hakuna aliyeniambia pole. Hakuna aliyeniambia, 'Mama, sasa utasikia baridi.' Nikaapa: siku nikipewa chumba kama hiki, mtu hatalala kimya mbele yangu. Bora anitukane."

Waliona nini ndani?

"Hawakuona kitu. Mwaka uliofuata nikapata mwanangu. Anakula kama watoto wanne, basi nikaona wametosha."

Ila tuliache pazia limefungwa kwanza, bwana Kasumba afute mafuta mikononi. Ili msomaji ajue asubuhi ile ilikuwa na uzito gani, lazima turudi nyuma mwezi mmoja.

Mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya pazia anaitwa Nakyeyune, fundi cherehani kutoka Bukomansimbi, miaka thelathini na tisa. Mwenyewe ameridhia jina lake liandikwe. Ameolewa na Kasumba miaka kumi na mmoja bila mtoto. Mara mbili alipandikiziwa, kwingineko, na mara mbili hakuna kilichoshika. Katika viinitete vyao vilibaki viwili tu, vimehifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali. Baada ya hivyo viwili hakuna tena: shamba la kahawa lililogharimia matibabu limekwisha kuuzwa, na miaka nayo hairudi nyuma.

Dkt. Lubwama alipompima kwa picha ya juu ya tumbo aliona kivuli ndani ya kizazi. Akakataa kuendelea.

"Nilimwambia, mama, hivi viwili sivitii mahali nisipopaona," anasema.

Siku ya kwanza ya kuangalia, Nakyeyune alikuja na ssenga wake, Kevina, dada wa marehemu baba yake. Ssenga ni shangazi, lakini kwa Waganda ni shangazi mwenye ofisi. Yeye ndiye anayemfunda binti kabla ya harusi, yeye ndiye anayetangulia siku ya posa, na ndoa ikikaa bila mtoto, swali la kwanza haliendi kwa mume wala kwa mke. Linakwenda kwa ssenga: wewe ulimfunda nini huyu?

Ssenga Kevina alikuwa amebeba swali hilo miaka kumi na mmoja.

Nakyeyune akapanda kitandani. Daktari akakaa, akawasha taa, akainama. Akainua kichwa akamtazama Nabbosa. Nabbosa naye akainama.

"Tuliona shamba," anasema Nabbosa. "Majani. Mabichi, yamepondwa yakapondeka. Nikasema moyoni, hapa kamera itahitaji panga."

Kupitisha kamera hapo kungekuwa kuusukuma uchafu mpaka ndani ya kizazi. Daktari akavua glavu. Nakyeyune akafunika uso kwa mikono. Akapewa dawa, akaambiwa asubiri mwezi mwingine, siku zake zikimalizika ndipo arudi.

Ukumbini kulikuwa na moto. Ssenga Kevina alisimama na gomesi yake ya zambarau, lile vazi refu la Waganda lenye mabega yaliyochongoka, mikono kiunoni.

"Mmesema mnakwenda kutazama ndani. Mgeni akija nyumbani kwako hufagii? Mimi nilifagia!"

"Mama, umemwekea uchafu," akasema daktari.

"Uchafu? Dawa aliyonipa mama yangu, na yeye akapewa na mama yake, leo ni uchafu? Na tena nani aliwaambia kizazi kinachunguliwa? Matoke hayafunuliwi majani kabla hayajaiva!"

Daktari, ambaye ni mpole siku nyingine zote, akatoa amri palepale: kuanzia leo mashangazi wote wanakomea getini. Wengine wangepiga makofi. Haikuwa mara ya kwanza dawa za nyumbani kuharibu siku ya mgonjwa, na kila anayerudishwa hurudi na machozi yake.

Nabbosa akamfuata daktari ofisini.

"Daktari, ukimfungia getini, dawa ataitia nyumbani. Geti letu halifiki Bukomansimbi."

"Unataka nimwingize chumbani?"

"Namtaka chumbani. Asimame aone. Mtu haogopi kilicho mbele ya macho yake, anaogopa alichofungiwa mlango."

Walivutana. Mwishowe daktari akatoa nafasi moja, kwa shangazi mmoja, yule yule. Mwezi ujao mume asimame upande huu wa kitanda, shangazi upande ule. Yakionekana majani tena, geti litafungwa, na Nabbosa asimletee tena habari za mashangazi. Nakyeyune naye, ambaye hakuulizwa, ndiye aliyekuwa na cha kupoteza: kila mwezi unaopita kwake ulikuwa mwezi wa umri wake.

Basi Nabbosa akarudi ukumbini, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo wauguzi vijana wa kliniki ile bado wanamwigizia. Akiwa na sare yake, miwani na kamba yake ya kiatu, alipiga magoti sakafuni mbele ya Ssenga Kevina, akamsalimu upya kama binti anayemsalimu mkubwa wake, akauliza habari za nyumbani, za migomba, za kahawa, za mvua, mpaka kikongwe akaishiwa majibu.

"Inuka, nesi. Watu watasema nimekupiga."

"Siinuki mpaka unijibu. Ssenga, ukipika matoke, chini ya sufuria unatandika nini?"

"Vikonyo vya majani ya mgomba. Kwani kwenu Kalungu mnatandika viatu?"

"Na kabla hujatandika, sufuria unaichungulia?"

"Nisiichungulie nina wazimu? Je, kama kuna mjusi?"

Benchi zima likageuka kumtazama. Ssenga Kevina alitazama juu, akatazama chini, akaona pale alipojikwaa.

"Mwanangu unamlinganisha na sufuria?"

"Hapana, Ssenga. Nalinganisha daktari na mpishi. Na nyumbani kwake hawezi hata kuchemsha yai, mkewe kaniambia. Lakini hili la kuchungulia kabla ya kupika analiweza."

Ssenga alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akaketi. Wakaongea kwa sauti ya chini, na yale ya chini yalibaki yao, ila sehemu moja Nabbosa anaisimulia kwa kila mtu. Alimwambia dawa asiitupe. "Majani yako mwogeshe mgongo na miguu, umkande, umwimbie. Uwanja ni wako, Ssenga, ufagie utakavyo. Ndani ya nyumba tuachie sisi."

Ndipo Ssenga Kevina alipofungua fundo la mshipi wa gomesi yake, akatoa tunda moja la kahawa iliyokaushwa. Ukilibambua, ndani mna punje mbili zimelaliana. Zamani watu waliotaka kuwa ndugu walichanjana, kila mmoja akala punje yenye damu ya mwenzake. Damu imeachwa, punje zimebaki, na waliotafuna tunda moja hawadanganyani. Moja akatia kinywani mwake, moja akamtia muuguzi.

"Sasa inuka," akasema. "Magoti yako si ya chuma."

Turudi sasa kwenye pazia.

Kasumba anaingia, ananuia kuwa shujaa. Anaiona meza ya vyuma vidogo vinavyong'aa. Anapapasa mfuko.

"Samahani, kuna mtu ananipigia simu."

"Simu yako ninayo mimi kwenye kikapu, ssebo," anasema Nabbosa. "Kama inakupigia, ni mizimu. Simama hapo, shika mkono."

Kasumba anashika mkono, macho kayapeleka kwenye dari. Ssenga Kevina yuko upande wa pili, joho la kijani juu ya gomesi, amekuwa mpana kama hema. Daktari anakaa, anainama. Chumba kinasikiliza. Mimi, kwa ruhusa ya mwenye mwili, nimesimama ukingoni mwa pazia, macho upande wa runinga, na nasikia mpaka maji yanavyotiririka kwenye mpira.

"Safi," anasema daktari. "Safi kabisa."

Ssenga Kevina anashusha pumzi yenye miaka kumi na mmoja ndani yake.

"Naky, mwanangu, niangalie mimi," anaanza Nabbosa. "Sasa utasikia baridi. Hayo ni maji, si daktari. Mikono ya daktari ni baridi zaidi. Haya. Gomesi ya bi harusi unaanzia wapi kushona, begani au kiunoni?"

"Begani."

"Bega lipi?"

"La kulia... aa! Nesi!"

"Hapo hedhi imekuja na wakwe zake, najua. Itapita. Pumua. La kulia, halafu?"

"Halafu unachongoa... unatia kitambaa kigumu... uuh... ndani."

"Kwangu ulitia kitambaa gani, mbona bega langu moja limelala?"

"Hiyo sikushona mimi!" anafoka Nakyeyune, na akiwa katikati ya kufoka kamera imeshapita mlango.

Picha inatulia kwenye runinga. Ssenga Kevina anasogea mpaka pua inakaribia kioo.

"Ndani ndiyo hivi?" anauliza, na sauti yake imepungua. "Kama ndani ya pera."

Ni kweli. Rangi ya waridi, laini, yenye kung'aa. Daktari anaizungusha kamera taratibu: kona hii safi, kona ile safi, ukuta wa mbele safi. Ukuta wa nyuma, hapo pana kitu. Kinyama chekundu kama tunda la kahawa lililoiva, kimening'inia kwa kikonyo chembamba, kinayumbayumba ndani ya maji.

"Ndicho kile kivuli," anasema daktari.

"Kumbe nyumba ina mpangaji!" Ssenga Kevina anapaza sauti mpaka benchi la nje linasikia. "Miaka yote hii! Kakalia kiti cha watoto, na kodi halipi!"

"Ssenga, taratibu."

"Taratibu ya nini? Mtoe! Mtoe na magodoro yake!"

Hata Kasumba anashusha macho kutoka darini, kwa mara ya kwanza, na akishayashusha hayarudishi tena. Kwa mkasi mdogo unaopita ndani ya mrija ule ule, daktari anakata kikonyo. Nabbosa haachi kuongea; sasa wamefika kwenye vifungo vya gomesi na namna ya kuvificha. Kinyama kinashikwa, kinatolewa, kinatiwa kwenye kichupa cha kupelekwa maabara. Ssenga anaomba kukiona. Anakiinua kwenye mwanga, anakitazama kwa dharau kubwa.

"Kidogo hivi," anasema. "Na kelele zote walizonipigia."

Nakyeyune bado amelala, analia, na kila mtu anadhani ni maumivu. Nabbosa anainama karibu naye.

"Wapi, mwanangu? Nyonga?"

"Hapana." Anaelekeza kidole kwenye runinga. "Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikidhani kizazi changu ni kibaya. Nimekiona. Ni kizuri."

Nabbosa alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena.

Majibu ya maabara yalirudi mema. Kinyama hakikuwa cha hatari. Mwezi uliofuata viinitete vyote viwili vilipandikizwa. Kimoja kilishika, kimoja hakikushika. Nakyeyune hulisema hilo hivyo hivyo, bila kupunguza.

Aliyeshika ni binti. Sasa ana miezi minne, ana mashavu yanayoning'inia, na ananyonya kama anayelipiza kisasi. Familia ilitaka kumwita Nabbosa, ikashindikana: majina ya Kiganda hufuata ukoo, na ukoo wa Kasumba hauna jina hilo. Wakatafuta njia nyingine ya kushukuru.

"Jina wamempa ndama," anasema muuguzi, akijitahidi asicheke. "Nina ndama Bukomansimbi anaitwa Nabbosa. Wanasema ni mkaidi, na ana miguu mifupi."

Msomaji mwenye haraka asitoke hapa akidhani kamera ni dawa. Dkt. Lubwama anasisitiza kwamba si kila mwanamke anayetaka kupandikiziwa anahitaji kuangaliwa hivyo. Huangaliwa yule ambaye kuna dalili, au aliyejaribu akashindwa. Na wapo walioangaliwa, kizazi kikakutwa kisafi, na bado hawakupata. Nabbosa anawajua kwa majina. Baadhi yao bado humpigia simu Jumapili.

"Kamera haizai," anasema. "Kamera inatuondolea kubahatisha, basi. Mwanamke akijua, hata habari ikiwa mbaya, anasimama. Asiyejua ndiye anayezunguka kwa waganga mpaka viatu vinakwisha."

Lakini kitu kimoja kimebadilika kabisa Namasuba: geti. Dkt. Lubwama hakulifunga. Siku hizi Jumamosi moja kila mwezi chumba cha kamera hakina mgonjwa, na benchi linajaa magomesi. Wanakuja mashangazi wa Masaka, wa Mityana, wa Luweero. Wanaishika kamera kwa mikono yao, wanaitia ndani ya pilipili hoho na kutazama mbegu kwenye runinga, wanashangaa, wanabishana. Nabbosa huwapigia magoti mmoja mmoja kabla ya kuanza, na daktari aliyewahi kuuliza kama hilo ni la lazima aliambiwa ajaribu kuanza somo bila hilo, aone.

Tangu Jumamosi hizo zianze, wanaokutwa wamewekewa majani ndani wamepungua sana. Wanaokuja kuangaliwa wananukia dawa mgongoni na miguuni tu. "Chumba kizima kinanukia msitu," analalamika daktari, lakini huku anatabasamu.

Mpango wa Nabbosa sasa ni kutoka nje ya geti lile. Anataka kwenda mwenyewe vijijini, kijiji kwa kijiji, kamera yake na pilipili hoho zake kwenye begi, akawakute mashangazi kabla mabinti hawajaanza safari. Redio moja ya Masaka imemwahidi nusu saa jioni, saa ambayo watu wanamenya matoke. Ameomba apewe na mwenzake wa kuongea naye, na mwenzake huyo hana cheti chochote.

"Ssenga Kevina," anasema. "Mimi wakinibishia nitajibu kama nesi. Yeye akijibu, mtu anakwenda kulala."

Nilidhani anatia chumvi kama kawaida yake. Jumamosi iliyopita nikaona mwenyewe.

Ssenga Kevina alikuwa ameketi mwanzo wa benchi, mtoto begani, Nakyeyune pembeni akimpimia muuguzi bega la gomesi. Akaingia shangazi mgeni kutoka Mpigi, mwanamke mrefu mwenye sauti, fungu la dawa limefungwa kwa jani la mgomba chini ya kwapa. Nyuma yake alikuja binti wa kaka yake, kimya, macho chini. Nabbosa alikwenda kupiga magoti. Mgeni akamkataza kwa mkono.

"Mimi sikuja kufundishwa na watoto. Nimekuja kuwaambia kizazi cha mwanangu hakichunguliwi. Ni siri ya Mungu."

"Karibu ukae, mwenzangu," akasema Ssenga Kevina. "Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti kuliko yako."

"Wewe ndiye yule wa Bukomansimbi?"

"Ndiye."

"Uliyesimama ukamtazama mwana wa kaka yako ndani, kwenye runinga, kama unatazama mpira?"

"Ndiye. Na nilishangilia."

Yule binti aliinua macho kidogo. Shangazi yake akaliweka fungu chini ili apate mikono yote miwili ya kugombea.

"Mwanamke mzima! Mtu wa kufunda watu! Kweli huna haya?"

Ssenga Kevina alimhamisha mtoto bega la pili, akampangusa cheuo kwa pembe ya mshipi wake.

"Haya ninayo," akasema. "Na mjukuu ninaye. Wewe mwenzangu mpaka leo una haya tu."